Konea za maabara: mgonjwa wa Kisii na Nyamira ajue nini

Habari za konea zinazotengenezwa maabara zimeshafika Keroka, Ogembo na Kebirigo kupitia simu, na kila mwenye jicho lililoharibika anauliza: zipo kweli? Zipo, na zimewarudishia watu macho. Lakini Kenya bado si tiba ya kawaida ya hospitali, na ukiambiwa ukiwa nje ya chumba cha kusubiri kwamba kuna mtu anayeuza, funga mkoba wako.

Konea ni utando angavu ulio mbele ya jicho. Unene wake katikati ni kama nusu milimita, na haina mshipa wa damu hata mmoja. Hewa yake huipata kwenye machozi. Kidonda kikizama ndani yake hupona kwa kuacha kovu jeupe ambalo wengi hulidhania kuwa mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho yuko nyuma ya mboni, kwenye lenzi, na operesheni yake hufanyika hapa hapa Kisii. Kovu la konea liko juu, kwenye kioo chenyewe, na kubadilisha lenzi hakuliondoi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari si “mtanipasua lini?” bali “shida yangu iko wapi hasa, kwenye lenzi au kwenye konea?”

Kazi zetu zenyewe zinaumiza konea. Jani la mahindi au la muwa linapompiga mtu usoni, huacha mkwaruzo na huweza kupanda kuvu mle ndani. Mchongaji wa Tabaka hupigwa na kipande cha jiwe la sabuni au cha patasi, fundi wa kuchomelea na cheche, mjenzi na chokaa au saruji mbichi. Wengine hawakupigwa na kitu: ni vijana wanaowashwa na macho tangu utotoni, wanayafikicha kila siku, na konea yao inaanza kuwa nyembamba na kuchongoka mbele. Ugonjwa huu huitwa keratokonasi, na nchini Kenya ni miongoni mwa sababu kubwa za kupandikizwa konea.

Mkwaruzo mpya hauonekani kwa macho. Mhudumu hugusisha kikaratasi chenye rangi ya machungwa ndani ya kope, kisha humulika kwa taa ya buluu. Penye jeraha hung’aa kijani. Kipimo hiki ni cha dakika chache, na kikifanywa mapema kinaweza kukuepusha na operesheni ya Nairobi baadaye. Tatizo ni kwamba wengi hupitia kwanza kwingine. Utafiti wa Simon Arunga na wenzake kule Mbarara, Uganda, uliona kwamba karibu asilimia 60 ya wagonjwa wenye maambukizi ya konea walikuwa wametumia dawa za kienyeji. Usitie maziwa ya mama, maji ya majani wala chumvi. Na usinunue matone yenye steroidi kwenye duka la dawa bila kuandikiwa: jicho hutulia kwa siku mbili tatu, wekundu hupungua, huku kuvu likistawi chini yake. Binafsi naona matone hayo ni hatari kuliko majani, kwa sababu mgonjwa huamini ameshatibiwa.

Ikiwa ni chokaa, saruji, asidi au dawa ya shambani, usianze kutafuta gari. Anza na maji safi mengi, ukiwa umefumbua kope, kwa nusu saa nzima, ndipo uende hospitali. Ikiwa kitu kimechoma na kubaki ndani, usikichomoe, usioshe, usikandamize. Funika kwa sehemu ya chini ya kikombe cha plastiki ili kisiguswe, ukimbilie Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira ikiwa ndiyo iliyo karibu.

Sasa tuseme kovu limeshaingia. Si kila kovu linahitaji konea mpya. Wengine husaidiwa na miwani au lenzi ngumu ya kuvaa. Keratokonasi ikigunduliwa mapema, konea hukazwa kwa matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno, isiendelee kuchongoka. Mtoto anayefikicha macho apelekwe akapimwe kabla hajafika sekondari.

Yakishindikana hayo, kuna kupandikizwa konea ya marehemu. Si jambo geni duniani: Eduard Zirm alifanya operesheni ya kwanza iliyofaulu mwaka 1905, kwa kibarua aliyeunguzwa na chokaa. Kwetu hufanywa hasa Nairobi, katika vituo kama Lions SightFirst kule Loresho. Kikwazo ni tishu. Hesabu ya dunia iliyochapishwa mwaka 2016 ilikuta konea moja kwa kila watu 70 wanaoihitaji, na konea iliyotolewa hukaa wiki mbili tu kwenye baridi kabla ya kuharibika. Kwa nchi inayoagiza nyingi kutoka ng’ambo, wiki mbili ni muda mfupi mno.

Hapo ndipo maabara inapoingia, ila si kwa kutengeneza konea moja ya kila mtu. Inategemea tabaka lililoharibika. Aliyeunguzwa na chokaa kwa kawaida amepoteza seli shina za ukingo wa konea, zinazoifanya upya ngozi ya juu. Kama jicho la pili ni zima, kipande kidogo hukatwa hapo, seli zikakuzwa na kurudishwa kwenye jicho bovu. Umoja wa Ulaya uliidhinisha tiba hiyo, Holoclar, mwaka 2015. Kwa walioumia macho yote mawili, Kohji Nishida na wenzake wa Osaka wametengeneza tabaka hilo kutokana na seli shina za aina nyingine. Matokeo ya wagonjwa wanne wa kwanza yalichapishwa 2024. Mzee ambaye konea yake imevimba kwa kuwa seli za ndani zimekufa, Japani sasa huweza kudungwa seli zilizokuzwa, bila kushonwa konea mpya.

Kinachotuhusu zaidi, kwa maoni yangu, ni kazi ya Mehrdad Rafat na Neil Lagali wa Linköping, Uswidi. Walichukua kolajeni ya ngozi ya nguruwe, wakaisafisha, wakaifanya kipande angavu, na kukiingiza kwenye konea za watu 20 wa India na Iran wenye keratokonasi iliyokithiri. Kumi na wanne kati yao walikuwa vipofu kisheria. Baada ya miaka miwili hakuna aliyebaki kipofu. Kipande hicho kinaweza kuhifadhiwa hadi miaka miwili, na hakina seli za kigeni za kukataliwa na mwili. Majaribio makubwa zaidi bado yanahitajika, lakini kitu kinachokaa stoo miaka miwili kinaweza kufika Kisii.

Najua neno nguruwe limewashtua baadhi ya Wasabato, na ni wengi kwetu. Ni haki ya mgonjwa kumwuliza daktari tishu imetoka wapi, na kuongea na mchungaji wake, kabla ya kusaini karatasi.

Ukipata rufaa ya Nairobi, uliza mambo haya: tabaka gani limeharibika, gharama ni kiasi gani pamoja na dawa na nauli za kurudi, maana matone hutumiwa kwa miezi mingi na ziara ni nyingi, na bima yako ya SHA inalipa nini. Aliyepandikizwa akiona wekundu, maumivu, kuogopa mwanga au kupungua kuona, arudi siku hiyo hiyo. Mwili unaweza kuikataa konea hata baada ya miaka.

Wakati maabara zinaendelea, konea bado inatoka kwa watu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaruhusu mtu mzima kutoa tishu zake baada ya kufa, kwa wosia au mbele ya mashahidi wawili. Uso hauharibiki, na aliyevaa miwani au kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho anaweza kutoa pia. Ila konea lazima itolewe ndani ya saa chache tangu mtu afariki, kwa hiyo kama uko tayari, waambie watu wa nyumbani kwako mapema. Ukikaa kimya, hakuna atakayethubutu kuamua siku ya msiba.