Usianze na rangi, mdogo wangu

Mdogo wangu wa Tanga, barua yako nimeisoma na kuirudia. Kaka yako yuko Oman kikazi, Celica yake imelala chini ya mwembe mwaka wa sita huu, amekwambia uichukue, na wewe kwa mshahara wako wa ualimu umeshaelewana bei na mpiga rangi. Hapo kwenye rangi ndipo niliposhtuka. Na ninajua si wewe peke yako. Wako wasomaji wenye Altezza, Fairlady au Impreza zilizoota majani nyuma ya nyumba, basi sogeeni karibu tuongee wote.

Kwanza nikutoe hofu: kulipenda gari hilo si upuuzi, hata kama shemeji zako wanakucheka. Celica ina heshima yake Afrika Mashariki. Ilishinda Safari Rally miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, na mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan alishinda akiwa ndani ya Celica. Yako ni ya kizazi cha saba, kilichoanza kutoka kiwandani mwaka 1999, na kimuundo iko mbali na zile za mashindano. Lakini jina ni lilelile, na ni gari zuri. Sitakwambia uliuze. Nitakwambia pesa yako iende wapi kwanza.

Iende kwenye kukagua bodi. Injini ikifa, utapata nyingine ya mtumba kutoka Japani. Bodi ikioza, hakuna duka la kwenda. Tanga ina upepo wa chumvi, na mwembe unadondosha majani yanayoziba njia za maji chini ya kioo cha mbele, kwa hiyo maji yanatuama na kutu inakula kimyakimya. Tafuta fundi bodi mwaminifu, gari linyanyuliwe na kuwekwa juu ya stendi imara, si juu ya jeki peke yake. Fungueni zulia mtazame sakafu. Gongeni kwa bisibisi chini ya milango na pale shokapu zinaposhika bodi. Kutu ya juujuu inasuguliwa na kutibiwa. Bisibisi ikizama kwenye mihimili, simama, piga hesabu upya kabla hujatoa hata shilingi nyingine.

Siku hizohizo maliza karatasi. Kadi bado ina jina la kaka. Akija likizo, muandikishane na mbadilishe umiliki TRA, kwa sababu kuweka akiba yako ya miaka kwenye gari lenye jina la mtu mwingine ni hatari, hata akiwa ndugu wa tumbo moja.

Sasa injini, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini: usiwashe. Najua vijana wa mtaani watakuja na betri na waya wa kuboosti, wakwambie wajaribu tu. Kataa. Petroli iliyokaa miaka sita imechacha, imeacha utandu mzito kama gundi, na ukiwasha, pampu inausukuma utandu huo hadi kwenye nozeli. Ndani ya silinda nako oili imeshuka yote, ringi zimekauka, pengine zimeshika kutu. Kuzungusha injini kavu kwa nguvu ya stata ni kuikwangua.

Mwageni kwanza mafuta yote ya tangi, mtoe pampu muione, na mwoshe tangi likiwa na uchafu. Kazi hii ifanyike uwanjani penye hewa, mbali na moto na sigara. Halafu toeni plagi zote nne, mtie oili kidogo kwenye kila tundu, muiache ilowe hadi kesho yake. Ndipo fundi aizungushe injini kwa mkono, kwa spana kwenye boliti ya puli ya chini, taratibu. Ikizunguka mizunguko kadhaa bila kukwama, shukuru. Ikigoma, asilazimishe, aongeze oili na subira. Baada ya hapo badilisheni oili ya injini na filta yake. Ikiwa injini yako ni 1ZZ inaingia kama lita 3.7. Mbadilishe pia maji ya rejeta kwa kulanti mpya, kisha mrudishe plagi na kutia petroli safi. Wenye Altezza, ninyi mna mkanda wa taimingi wa mpira, na mpira unazeeka hata gari likiwa limesimama. Badilisheni kabla ya kuwasha. Celica hii inatumia cheni, hiyo imekupunguzia gharama moja kubwa.

Na ikiwa ni 1ZZ kweli, hiyo ndiyo bahati yako. Ni injini ileile iliyomo kwenye Wish na Premio za lita 1.8 za kizazi cha kwanza, magari yaliyojaa mjini. Kwa hiyo filta, pampu ya maji, sensa na koili vinapatikana Kariakoo bila kuagiza Japani. Taja Wish dukani, usitaje Celica, maana neno hilo lina tabia ya kupandisha bei. Nenda na kifaa cha zamani mkononi, mlinganishe. Ubaya wa 1ZZ za mwanzo ni kula oili, basi kijiti cha oili kichomolewe kila wiki. Usichoweza kukipata kwenye Wish ni taa za mbele, bampa na vioo. Hivyo viondoe njiani wakati wa kazi, vifungie ndani, na umwambie kila anayeingia uani asivikalie.

Breki sitaki uzibanie hata kidogo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani hata yakiwa yamefungiwa, na maji hayo hutia kutu ndani ya kalipa na mastasilinda. Mwageni yote, mtie mapya, kalipa zifunguliwe, mipira iliyochanika itupwe. Nitafurahi zaidi ukiendesha Celica yenye rangi iliyofubaa na breki inayoshika. Matairi nayo yasikudanganye kwa kashata nzima. Ubavuni tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2314 ina maana wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la umri huo linaweza kupasuka barabarani likiwa linaonekana jipya.

Kosa linalozika magari mengi kuliko kutu ni kufumua kila kitu siku moja. Viti nje, dashibodi nje, injini chini, kisha pesa inakata, fundi anahamia gereji nyingine, na boliti zinabaki kwenye kopo bila mwenyewe. Fanyeni eneo moja, mlimalize, ndipo muende jingine. Lipa fundi kwa kazi iliyokwisha, nunua vifaa mwenyewe, na vya zamani akurudishie. Akikwambia "hii imekufa", mwombe akuonyeshe imekufa wapi. Fundi mzuri haoni taabu kumwelekeza mwanamke kama wewe, na anayeona taabu si fundi wako.

Pesa yako igawe mafungu matatu, la tatu usiliguse mpaka gari liwake, kwa sababu panya wanakula nyaya na hilo halionekani hadi umeme uingie. Ukikwama, gari lisubiri zamu yako ya mchezo wa kupeana pesa. Tafadhali sana, usiende kwenye mikopo ya kausha damu kwa ajili ya gari. Nimeona walimu wakikabidhi kadi za benki kwa madeni ya aina hiyo, na sitaki uwe mmoja wao.

Likishawaka, kata hata bima ndogo kabla ya kutoka getini. Mara ya kwanza zunguka karibu na nyumbani, asubuhi, ukijaribu breki kwa mwendo mdogo na kutazama geji ya joto. Shuka uchungulie chini kama kuna kinachovuja. Ukifikisha kilomita 500 mwaga oili tena na ubadilishe filta, kwa kuwa uchafu wa miaka sita hautoki wote mara moja. Mpiga rangi mwambie mtaonana mwakani.