Mafunzo Niliyopata kwa Wasemaji wa Kimeru

Nimetoka Singida, nikaolewa Tengeru, kwa Wameru wa mkoa wa Arusha. Kimeru nimejifunza shambani kwa mama mkwe na sokoni, na kimenifundisha mengi.

1. Ukoo wa lugha usiutafute kwenye jina. Kimeru cha hapa, ambacho pia huitwa Kirwa, si kile cha Meru ya Kenya. Ndugu yake wa karibu ni Kimachame cha magharibi mwa Kilimanjaro. Siku za soko, Jumatano na Jumamosi, nimewasikia mama wa Machame na mama wa Poli, Mmeru, wakipatana bei ya ndizi, kila mmoja kwa lugha yake, na wakaelewana. Lakini zunguka Mlima Meru kuelekea magharibi, kwa Waarusha, utakuta Kimaa, ambacho hata Kibantu si. Majirani hao wamepigana na wameoana, na Wameru wakachukua kwao utaratibu wa marika. Historia yote hiyo bado inasikika watu wanapoongea.

2. Kiswahili hakina hatia. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru Engare Nanyuki kwa nguvu, ardhi wapewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, Mmeru mwenzao, alifikisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa, New York. Aliporudi alizunguka akiwaeleza Watanganyika wengine shauri hilo. Kwa Kimeru pekee, bila Kiswahili, asingefika mbali.

3. Lugha hupotelea nyumbani. Kule Marekani, watoto wa Walakota, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, walipelekwa shule za bweni kama ile ya Carlisle, iliyofunguliwa 1879, wakakatazwa kusema lugha yao. Leo wengi wa wanaokimudu Kilakota ni wazee. Hapa Tengeru nyumba nyingi zinafika huko huko bila kulazimishwa na mtu: bibi anamsemesha mjukuu kwa Kimeru, mjukuu anajibu kwa Kiswahili, na wazazi wananyamaza. Sensa yetu iliuliza kabila kwa mara ya mwisho mwaka 1967, kwa hiyo hakuna takwimu ya serikali itakayotushtua.

4. Mtoto halemewi na lugha mbili. Wanangu wanasema Kimeru kwa bibi yao na Kiswahili shuleni, na masomo yanakwenda vizuri.

Mzazi mwenzangu wa Akeri, Nkoaranga au Sing'isi, msemeshe mtoto Kimeru angali mdogo, na akikujibu kwa Kiswahili, endelea.