Kadi na mabango nyumbani: faida ihesabiwe kwa saa

Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia inapita hapo, reli ya TAZARA ina kituo hapo, na anayekwenda Njombe na Songea anakata kona hapo. Mji wa namna hiyo hauishiwi kazi ya mabango. Nyumba za kulala wageni, gereji, maduka ya pembejeo na wauza mbao, kila mmoja anataka jina lake lisomwe na dereva aliye mwendoni. Kilomita 60 hivi kusini, Njombe ina soko la aina nyingine. Tangu ilipotengwa na Iringa na kuwa mkoa kamili mwaka 2012, ofisi zimeongezeka, na pamoja nazo vyeti, kalenda na fulana za mikutano. Kadi za harusi zinahitajika miji yote miwili.

Sehemu ya kazi hii hufanyiwa nyumbani: kompyuta moja, printa moja, meza ya kukatia, na watoto wanaozunguka meza hiyo. Kwa kuwa mtaji wa kuanzia hauonekani mkubwa, wengi huingia, na baadhi hutoka kimya kimya huku oda zikiwa bado zinakuja. Somo la wiki hii linahusu hao wanaotoka wakiwa na wateja.

Wanafunzi wa biashara hufundishwa kwamba kila shughuli ina kikomo chake, yaani kile kinachokwisha kabla ya vingine. Kwa kinyozi ni kiti. Kwa muuza viazi inaweza kuwa fedha ya kununulia mzigo. Kwa mbunifu mwenye mtoto mchanga na mwingine wa darasa la pili, kikomo ni saa za kukaa mezani bila kuitwa. Hata hivyo, wengi hupima faida kwa oda: hii imeniachia laki moja, ile elfu hamsini, basi ile ya laki ni bora. Hapo ndipo hesabu inapopotoka.

Tuchukue mfano, na takwimu hizi ni za mfano tu. Msomaji aweke za kwake. Mama wa Makambako ana saa 4 kwa siku, siku 6 kwa wiki, jumla saa 24. Anapokea oda ya kadi 200 kwa shilingi 1,500 kila moja, yaani 300,000. Karatasi, bahasha na wino vinamla 180,000, na nauli ya kifurushi kutoka Dar es Salaam 10,000. Inabaki 110,000. Saa zake ni hizi: kuchora 3, kurekebisha 4 kwa sababu kamati ya harusi imebadili rangi mara tatu, kukata na kukunja 8, kupeleka na kufuatilia malipo 2. Jumla saa 17. Amelipwa chini kidogo ya 6,500 kwa saa.

Wiki hiyo hiyo mwenye gereji anataka bango la 120,000. Vifaa ni 70,000, inabaki 50,000, na kazi nzima ni saa 5. Hiyo ni 10,000 kwa saa. Oda iliyoonekana ndogo imelipa zaidi kwa kitu pekee ambacho mama huyu hawezi kukinunua dukani.

Je, aache kadi? La. Aangalie zile saa 8 za kukata na kukunja. Kazi hiyo haihitaji jicho lake. Akimpa kijana wa jirani kwa shilingi 100 kila kadi, atatoa 20,000 na kubaki na 90,000 kwa saa 9 tu, yaani 10,000 kwa saa, sawa na bango. Na saa 8 zilizorudi zinatosha bango jingine, zikabaki 3 za kumpeleka mtoto kliniki. Wapo wanaoona uchungu kutoa hiyo 20,000, wakaikunja wenyewe usiku wa manane, kisha wakakosea tarehe ya harusi katika kadi zote 200. Karatasi iliyoharibika hairudishwi Kariakoo.

Marekebisho nayo yawe na bei. Ya kwanza bure, ya pili yalipiwe, na hilo lisemwe siku ya kupokea oda, siyo siku ya ugomvi. Aidha, kamati za harusi hulipa kadiri michango inavyoingia, na michango huchelewa. Kianzio cha nusu kinapaswa angalau kufunika vifaa. Katika mfano wetu nusu ni 150,000 na vifaa ni 180,000, kwa hiyo nusu haitoshi na mama anakopesha harusi ya watu 30,000 bila kujua, mbali na nauli ya kifurushi. Ofisi za Njombe zinazoagiza kwa hati ya ununuzi ni jambo jingine: bei inaweza kuwa nzuri, lakini fedha isihesabiwe hadi iingie benki.

Mfano wa zamani wa mgawanyo wa kazi katika familia ya mchoraji upo Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za dukani juu ya vipande vya ubao. Michoro iliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay, na mkewe Agatha ndiye aliyekuwa akikaa nayo kuiuza, huku ndugu na jamaa wakijifunza kazi kwake. Saa za kuchora hazikuliwa na saa za kungoja mnunuzi. Alifariki mwaka 1972, na mtindo ukaendelea kulisha wengine kwa sababu mikono haikuwa miwili tu.

Liko jambo ambalo wachache huliingiza katika bei, nalo ni uzazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Aliyejiajiri hana wa kumlipa siku hizo. Kama anajilipa mshahara wa 60,000 kwa wiki, wiki 12 ni 720,000. Akianza kuweka akiba ujauzito ukiwa na wiki 10, zimebaki kama 30, hivyo ni 24,000 kila wiki. Kiasi hicho ni kikubwa, na ndiyo maana kinapaswa kuwa ndani ya bei ya bango tangu mwanzo, hata kabla ya ujauzito. Asiyejilipa mshahara maalum, anayechota tu kutoka kasha la duka unga unapokwisha, hawezi hata kuanza hesabu hii.

Kalenda nayo ina ukatili wake. Januari shule zinafunguliwa. Ada ya shule za umma hadi kidato cha nne iliondolewa kuanzia 2016, lakini sare, madaftari na sweta la baridi ya Njombe bado vinanunuliwa. Baada ya hapo huja Kwaresima, wakati makanisa mengi hayafungishi ndoa, na mvua bado inanyesha. Mahindi yakivunwa kuanzia Juni, fedha inarudi na kadi zinarudi.

Daftari la mauzo lina thamani yake hata kwa kodi. Katika jedwali la kodi ya makisio lililorekebishwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo binafsi mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka alitozwa 100,000 asipotunza kumbukumbu. Aliyezitunza alitozwa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Kwa mauzo ya milioni 5 hiyo ni 30,000. Viwango hubadilishwa na sheria za fedha, hivyo vya mwaka husika viulizwe TRA.

Kwa anayetaka kuweka fedha yake katika biashara ya namna hii, au kikundi cha kina mama kinachoomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, uliositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024, ombi huwa ni lile lile: printa kubwa zaidi. Mkopo huo hauna riba, lakini marejesho yana tarehe. Kabla ya kuidhinisha printa, liombwe daftari la saa la wiki nne. Likionyesha kwamba theluthi ya saa inakwenda kwenye kukata na kukunja, fedha ya kwanza ni ya kijana wa meza, na ya printa ingoje mavuno.