Dondoo muhimu: Kumlisha aliyepata kiharusi

Kumeza huongozwa na shina la ubongo pamoja na gamba la ubongo la pande zote mbili. Kiharusi kikigusa sehemu hizo, chakula huweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia.

• Asipewe chochote mdomoni, hata maji au vidonge, kabla mhudumu wa afya hajapima umezaji wake.
• Mketishe wima. Abaki hivyo dakika 30 baada ya kula.
• Mpe kijiko kidogo kidogo. Kagua shavu la upande uliolegea, chakula hubaki humo.
• Maji huteleza upesi kuliko uji, hivyo humpalia kwa urahisi. Mtaalamu ndiye aamue uzito wa kinywaji.
• Msafishe kinywa kila baada ya mlo.
• Akikohoa au sauti ikikoroma, acha kumlisha. Wengine hupaliwa kimyakimya: akipata homa au akihema kwa shida, muwahishe hospitali.