Kabla ya Kupanda Msimu A, Ulizia Chungu

Ndugu wakulima wa Lubarika, Luvungi na bonde zima la Ruzizi, Septemba watoto wanarudi shuleni na sisi tunarudi shambani. Mwaka huu nawaomba tuyaangalie mambo hayo mawili kwa pamoja. Januari, kila nyumba ikiwa imevuna, mfanyabiashara wa lori ndiye anayetupangia bei ya mahindi. Jiko kubwa halifanyi hivyo. Jiko la shule, la hospitali au la kambi linapika kila siku, na mahitaji yake yanajulikana kabla hujatia mbegu ardhini.

Tupige hesabu. Mgao uliozoeleka wa mlo wa shuleni ni gramu 120 za nafaka, gramu 30 za mikunde na gramu 10 za mafuta kwa mtoto mmoja. Penye watoto 1,000, hizo ni kilo 120 za unga na kilo 30 za maharagwe kwa siku. Kwa muhula wa siku 60 za masomo zinafika tani 7.2 za unga na tani 1.8 za maharagwe, tena mawese kilo 600. Shamba likitoa tani 1.2 kwa hekta, unga huo unataka hekta sita za mahindi. Ni wachache kati yetu wenye hekta sita, lakini familia kumi na mbili zenye nusu hekta kila moja tunazo. Na hapo sijamtaja mwenye kinu, mama anayekaanga ndagala, wapishi, wala kijana wa baiskeli anayebeba magunia. Wote hao wanalipwa hapa hapa, na faranga yao inarudi sokoni kwetu.

Jambo hili linafanyika. Kenya, Wawira Njiru alianza mwaka 2012 kule Ruiru kwa kulisha watoto 25. Leo shirika lake, Food4Education, lina jiko Nairobi lililojengwa kupika milo 60,000 kwa siku, na mzazi wa Nairobi huchangia shilingi 5 kwa sahani. Brazili iliandika sheria mwaka 2009, iliyotaka wakati huo kwamba angalau asilimia 30 ya fedha ambazo serikali kuu inatoa kwa chakula cha shule inunue mazao ya wakulima wadogo. Sheria hiyo naipenda sana, maana jiko kubwa peke yake halimwinui mkulima. Likiletewa unga wa meli na mafuta ya madebe kupitia bandari ya Kalundu, watoto watashiba, nalo ni jema, lakini mahindi yetu yatabaki ghalani yakiliwa na fukusi. Wazazi mlio katika kamati za shule, daini tangu kikao cha kwanza kwamba mazao ya hapa yanunuliwe.

Sasa kazi ya shamba. Mahindi yapandwe mara mvua zinapoanza kunyesha mfululizo, sentimita 75 kati ya mistari na 25 kati ya mashina, mbegu moja kila shimo. Mkiwa kikundi, msipande wote siku moja. Gawaneni kwa wiki mbili mbili ili mavuno yafuatane. Kuanzia wiki ya pili kagueni moyo wa mche mtafute viwavijeshi, maana wakishajificha ndani ni vigumu kuwafikia. Huku chini kwenye joto kunde zinastahimili kuliko maharagwe. Maharagwe tuwaachie ndugu zetu wa upande wa Lemera, tushirikiane nao katika mkataba mmoja. Jiko linataka na mboga. Lengalenga huvunwa baada ya wiki nne hivi, basi pandeni tuta jipya kila wiki. Sombe nalo linatakiwa sana, ila msichume majani yote ya mti. Muhogo uliochumwa majani mno hutoa mizizi kidogo. Vipando chukueni kwenye mashina yasiyo na majani yaliyokunjamana wala michirizi ya kahawia.

Panapoharibika biashara hii mara nyingi ni kwenye kukausha. Mahindi yasiyokauka vizuri huota ukungu wenye sumu, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Ikiingia kwenye chungu cha watoto elfu, imeingia kwa wote. Ili kupima kama mahindi yamekauka, tia chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na punje, tikisa vizuri, kisha iache kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani, juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Yakikauka, yatie kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Fukusi hufa humo bila dawa.

Kuhusu malipo, semeni wazi mapema. Jiko linalotegemea wafadhili linaweza kuchelewa kulipa, na mkulima mwenye deni la mbegu hawezi kungoja miezi mitatu. Ombeni sehemu ya pesa siku ya kupeleka gunia la kwanza. Bei iandikwe kwa kilo, mizani iwe moja, na iangaliwe na pande zote mbili.

Limebaki suala la kuni. Chungu cha watu elfu kikiwekwa juu ya mafiga matatu kinamaliza miti ya kilima upesi. Kabla ya kuandika mkataba, kikundi kidai majiko yaliyojengewa kuta za matofali, yanayookoa kuni, na kila familia ipande miti ya kuni kwenye mipaka ya shamba lake wakati wa mvua za Novemba.