KUNUNUA PIKIPIKI ISIYO NA KADI
Somo katika Mlango wa Biashara

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuhalalishia chumo jema, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika mas'ala yanayoulizwa sana siku hizi ni hili: mtu aletewa pikipiki iliyokwisha tumika, bei yake nafuu, nayo haina kadi ya usajili, ambayo ndugu zetu wa Mombasa huiita logibuku. Je, yajuzu kuinunua? Wako wasemao: "Kadi ni karatasi ya Serikali, maadamu pesa zimetoka na kitu kimepokewa, biashara imekwisha." Na wako wasemao: "Kisicho na kadi ni haramu, basi." Kauli zote mbili zina upungufu, na haki imo baina yao.

1. SHARTI YA KINACHOUZWA

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i wametaja sharti tano za kitu kinachouzwa: kiwe tohara, kiwe na manufaa, kiweze kukabidhiwa, muuzaji awe na mamlaka juu yake, kwa kukimiliki au kwa uwakili au kwa uwalii, na kijulikane dhati yake, kadiri yake na sifa yake. Mas'ala yetu yasimama juu ya sharti ya nne. Mwenye kuuza mali ya mwenziwe pasi na idhini huitwa fudhuli, na biashara yake ni batili katika kauli mpya ya Imamu, ambayo ndiyo inayotegemewa. Maana ya batili ni kwamba milki haikuhama: pesa zingali zako mkononi mwa muuzaji, na pikipiki ingali ya mwenyewe mkononi mwako.

Utaona kwamba katika sharti hizi hapana neno kadi. Milki huhama kwa kuuziana, haihami kwa karatasi. Basi mmiliki wa kweli ambaye kadi yake imeliwa na mchwa, kuuza kwake ni sahihi; na mwizi aliyeghushi kadi nzuri, kuuza kwake ni batili. Kadi si milki, ila ni ushahidi wa milki. Nani basi mwenye akili atakayeudharau ushahidi, ilhali aya ya 282 ya Suratul Baqara yatuamrisha kuandika madeni na kushuhudisha tunapouziana?

2. HALI TATU ZA MUUZAJI

Kitu kuwa mkononi mwa mtu ni dalili ya dhahiri kwamba ni chake. Lau si hivyo, tusingeweza kununua hata samaki ila kwa mashahidi. Lakini dalili hii yaweza kupingwa na dalili nyingine. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra (1111), katika kitabu chake Ihyaa amewagawanya wenye mali katika hali tatu.

Ya kwanza, mtu asiyejulikana, wala hana alama ya wema wala ya ubaya. Huyu si wajibu kumpekua, na mkono wake watosha.

Ya pili, mtu mwenye kutiliwa shaka kwa alama iliyo dhahiri. Hapa alama yapigana na ushahidi wa mkono, wala haifai kuingia mpaka mtu aulize na kubainikiwa.

Ya tatu, mtu ajulikanaye hali yake kwa hakika. Ikijulikana kwamba kitu ni cha wizi, kukinunua ni haramu na ni kumsaidia mwizi.

Sasa pima. Pikipiki ambayo mfano wake huuzwa milioni moja na nusu, wewe waambiwa laki nne, kadi haipo, namba ya mbele na nyuma imefunguliwa, namba iliyogongwa shingoni mwa fremu imekwanguliwa kwa tupa, na muuzaji ataka mmalize usiku huu huu. Je, huyu ni wa hali ya kwanza? Hasha. Huyu ni wa hali ya pili, na kwa mwenye macho yu karibu na ya tatu. Mwenye kufumba macho ili asijue hana udhuru wa asiyejua. Nasi twaijua hadithi ya Nu'man bin Bashir, kwamba Mtume (S.A.W.) amebainisha halali na haramu na yenye shaka baina yake, na akamfananisha mwenye kuingia katika shaka na mchunga achungaye ukingoni mwa malisho yaliyozuiliwa.

3. SABABU ZA KUKOSA KADI

Usihukumu kabla ya kuijua sababu, kwani hukumu hutafautiana.

(a) Kadi imepotea, na muuzaji ajulikana kuwa ndiye mwenyewe. Biashara ni sahihi. Lakini mwambie akatoe kadi mpya kwanza kwa jina lake, kisha muuziane.

(b) Muuzaji alinunua kwa mtu wala hakubadilisha jina. Ikithibiti kwamba yule wa kwanza aliuza kweli, biashara ni sahihi. Na njia ya kuthibitisha ni kumleta yeye mwenyewe. Maneno ya muuzaji peke yake hayatoshi.

(c) Kadi imezuiliwa na mkopeshaji mpaka deni lilipwe. Ikiwa pikipiki imewekwa rehani na rehani imetimu, mweka rehani hana ruhusa ya kuiuza ila kwa idhini ya mwenye deni. Akiuza pasi na idhini, ni batili.

(d) Dereva wa bodaboda aendesha kwa mkataba, alipa kila siku hata hesabu itimie, ndipo pikipiki iwe yake. Akiiuza kabla ya siku hiyo, ameuza asichokimiliki.

(e) Mwenye pikipiki amekufa, na mmoja katika warithi aiuza bila ya wenziwe. Kuuza kwake hakusihi ila katika fungu lake. Mafungu ya wengine yabaki kwa wenyewe, na huenda miongoni mwao wamo mayatima. Na kabla ya yote, deni la maiti latangulia.

4. ALIYENUNUA KWA NIA NJEMA

Hapa ndipo wengi huangamia. Mtu husema: "Mimi sikujua, nimetoa pesa zangu halali." Kutojua kwamwondolea dhambi, lakini hakumpi milki. Imepokewa kwa Samura bin Jundub kwamba Mtume (S.A.W.) amehukumu kuwa mwenye kuikuta mali yake kwa mtu ndiye mwenye haki nayo zaidi, na aliyenunua amfuate aliyemuuzia.

Na mafakihi wetu wamesema kwamba kila mkono ushikao baada ya mkono wa mnyang'anyi ni mkono wa dhamana, hata kama mwenyewe hajui. Kwa hivyo pikipiki ikivunjika kwako, mwenyewe ana haki ya kukudai thamani yake. Na siku ulizoitumia ana haki ya kukudai ujira wa mfano. Wewe wamrudia muuzaji kwa bei uliyompa. Je, utampata wapi, nawe hata jina la baba yake hulijui?

Na sheria za nchi zetu, Kenya na Tanzania, katika asili hii zaafikiana na fiqhi: asiyemiliki hamilikishi. Katika Kenya, sheria ya barabara yamhesabu aliyeandikwa katika usajili kuwa ndiye mwenye chombo mpaka ithibitike kinyume chake. Basi uliyenunua bila ya jina, mzigo wa kuthibitisha umeutwika kichwani mwako.

5. LA KUFANYA

Kwa anayetaka kununua: soma namba ya fremu na namba ya injini kwa macho yako, uzilinganishe na kadi. Nenda pamoja na muuzaji ofisini kwa wasajili, nao ni TRA kwa Tanzania bara na NTSA kwa Kenya, na jina libadilishwe. Andikeni bei, tarehe na namba hizo, mbele ya mashahidi wawili waadilifu. Na ukimkhofu muuzaji, taka mtu wa kukudhamini bei yako endapo mali itatokea kuwa na mwenyewe. Hii ndiyo dhamana ya daraka, nayo yajuzu kwetu baada ya bei kukabidhiwa.

Kwa aliyekwisha nunua kisha akabainikiwa kwamba ni ya wizi: asiiuze kwa mwingine kuiondoa hasara yake, kwani hiyo ni dhulma ya pili juu ya ile ya kwanza. Na aache kuipanda, apeleke khabari kwa wenye amri, na airudishe kwa mwenyewe.

Ewe ndugu yangu, kijana aliyeibiwa pikipiki yake ameibiwa unga wa watoto wake. Usikubali watoto wako washibe kwa unga huo. Laki uliyoipunguza katika bei yasahaulika kwa mwezi mmoja, na haki ya mja haifutiki ila kwa kurudishwa au kusamehewa na mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali Yake, atuepushe na haramu Yake. Amin. Wallahu a'lam.