Neno Kwenye Miimo ya Mlango: Kuzishika Amri za Mungu Nyumbani Mwetu

SOMO LA JUMAPILI
Masomo: Kumbukumbu la Torati 5:6-21; 6:4-25; Yeremia 7:1-11; Mathayo 23:1-7



Somo la wiki hii linahusu jambo ambalo nyumba nyingi za Wakristo wanaozungumza Kiswahili zinalo: Neno la Mungu lililowekwa mahali pa kuonekana. Kwa wengine ni kalenda ya kanisa ukutani. Kwa wengine ni kitambaa cha kochi alichodarizi mama, au Amri Kumi zilizotiwa kwenye fremu na kutundikwa sebuleni. Tuliyazoea haya Uvira, Kigoma, Bujumbura na Nakuru, na tumekuja nayo huku Marekani. Tunajiuliza leo: Mungu aliagiza tufanye hivi? Na kama aliagiza, alitaka maandishi hayo yafanye kazi gani ndani ya nyumba?

1. Agizo lilitolewa kwa watu wasio na milango

Katika Kumbukumbu la Torati 6:9 Musa anawaambia Israeli wayaandike maneno ya Mungu juu ya miimo ya nyumba zao na juu ya malango yao. Miimo ni zile nguzo mbili za pembeni zinazoshika mlango. Sasa tuangalie waliokuwa wakimsikiliza. Walikuwa nchi ya Moabu, ng'ambo ya Yordani, bado hawajavuka. Walikuwa wametangatanga jangwani miaka 40 wakilala hemani. Hema halina miimo. Musa aliwapa agizo la mlango watu ambao hawakuwa na mlango hata mmoja.

Kwa nini aliwaambia mapema hivyo? Jibu liko mstari wa 10 hadi wa 12. Walikuwa wakienda kwenye miji mikubwa ambayo hawakuijenga, nyumba zenye vitu vyema ambavyo hawakuvijaza wao, visima ambavyo hawakuvichimba, mizabibu ambayo hawakuipanda. Ndipo linakuja onyo: wakishakula na kushiba, wajihadhari wasimsahau BWANA aliyewatoa utumwani.

Wapendwa, wengi wetu hatuhitaji mwalimu wa kutufafanulia maneno hayo. Tuliopita Nyarugusu, Kakuma, Dzaleka au Nakivale tunakumbuka maombi ya chini ya turubai. Siku ya mgao wa chakula kila mtu alijua anamtegemea nani. Leo tunafungua bomba, maji ya moto yanatoka, na kisima chake hatukukichimba. Tunafungua friji, imejaa. Hizi ni baraka, tunamshukuru Mungu kwazo. Lakini Musa anatuonya kwamba shibe nayo ina mtihani wake. Jangwani mana ilishuka kila asubuhi, mtu akaona kwa macho chakula kimetoka wapi. Ndani ya nyumba iliyojaa, ni rahisi mtu kudhani kimetoka mkononi mwake. Ndiyo maana alama iliwekwa mlangoni, mahali tunapopita tukienda kutafuta na tukirudi na tulichopata.

2. Mlango ni wa mwisho, moyo ni wa kwanza

Tuutazame utaratibu wa agizo lenyewe. Mstari wa 6: maneno yawe moyoni mwako. Mstari wa 7: uwafundishe watoto wako, uyanene uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Mstari wa 8: mkononi na kati ya macho. Mstari wa 9: kwenye miimo na malango. Moyo, kinywa, mkono, kisha mlango. Anayeanza na mlango na kuishia hapo amelishika agizo kwa mkia.

Wayahudi wamelitunza agizo hili hadi leo. Neno la Kiebrania la mwimo wa mlango ni mezuza, na neno hilo hilo ndilo jina la kile kijisanduku wanachokibandika kwenye mwimo wa kulia wa mtu anayeingia. Ndani yake mna ngozi iliyoandikwa kwa mkono, yenye Kumbukumbu la Torati 6:4-9 na 11:13-21. Wengi huigusa wakipita, kisha hubusu vidole. Kwa ajili ya mkono na paji la uso, wanaume huvaa wakati wa sala visanduku vidogo vya ngozi vinavyofungwa kwa kanda, navyo vina mistari ya Kutoka 13 pamoja na hiyo ya Kumbukumbu la Torati.

Tena mwaka 1902 huko Misri ilinunuliwa karatasi ndogo ya mafunjo yenye maandishi ya Kiebrania, ambayo sasa imehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Inajulikana kwa jina la Nash. Wataalamu wengi huikadiria kuwa ya karne ya 2 kabla ya Kristo. Juu yake mna Amri Kumi, na chini yake mwanzo wa yale maneno ya Kumbukumbu la Torati 6:4, kwamba BWANA ni mmoja. Inaonekana haikuwa sehemu ya gombo kamili la Torati, bali ya ibada au mafundisho. Wayahudi wa Misri walikuwa wageni kama sisi, wakiishi mbali na Yerusalemu, katikati ya lugha nyingine na desturi nyingine. Walizishika amri na ungamo la imani pamoja, kwenye karatasi ambayo mtu angeweza kuibeba.

3. Amri siyo hirizi

Katika Mathayo 23:5 Bwana Yesu anawakemea waandishi na Mafarisayo waliopanua vile visanduku vya sala ili watazamwe na watu. Biblia yetu ya Kiswahili imetumia hapo neno hirizi, nalo linatugusa kwa namna ya pekee. Neno la Kiyunani lililopo pale lina maana ya kitu cha kulinda. Nasi tunajua hirizi ni nini. Mtu huivaa au huitundika ili imkinge, nayo haimdai kitu. Hirizi haikuulizi umelipaje deni, wala umesema nini juu ya jirani yako.

Amri ya Mungu ni kinyume chake, kwa maana inamdai aliyeitundika. Tukiiweka ukutani ili ajali na wachawi wasipite, tumeigeuza kuwa hirizi hata kama imeandikwa kwa wino mzuri. Yeremia alisimama langoni pa nyumba ya BWANA akawaambia watu wasitumainie jengo la hekalu huku wakiiba, wakizini na kuapa kwa uongo. Lango lilikuwa takatifu, waliopita hapo hawakuwa hivyo.

Hapa Marekani watu wamebishana sana kuhusu kuta za umma. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya nchi ilibatilisha sheria ya jimbo la Kentucky, ambako ndugu zetu wengi kutoka Kongo wanaishi, iliyotaka Amri Kumi zibandikwe katika kila darasa la shule za umma. Mwaka 2024 jimbo la Louisiana likatunga sheria inayofanana na hiyo, mabishano yakarudi mahakamani. Wakristo wenyewe hawana kauli moja juu ya jambo hilo. Lakini Musa hakuacha shaka juu ya ukuta mmoja: alisema nyumba yako. Mwalimu wa shule akibandika au asibandike, zamu ya mzazi iko palepale.

4. Pale amri zinapokutana nasi

Amri hazikutani nasi sebuleni tu. Zinatukuta kwenye simu, kwenye fomu na kazini.

Simu inalia, ni mtu wa deni. Mama anamnong'oneza mtoto, “Mwambie mama hayupo.” Mtoto anatii. Juu ya kichwa chake ipo fremu inayokataza ushuhuda wa uongo. Siku hiyo mtoto amefundishwa mambo mawili: kwamba maneno ya ukutani ni pambo, na kwamba wazazi wenyewe wanajua hivyo.

Fomu inauliza ni watu wangapi wanaishi nyumbani na wanapata kiasi gani. Karatasi ya kazi inauliza umefika saa ngapi. Usiibe inaishi katika visanduku hivyo vidogo vya kujaza.

Amri ya Sabato nayo inatukuta ghalani, kiwanda cha nyama na nyumba za kutunzia wazee, tunapoitwa kwa saa za ziada. Wapo wasio na uwezo wa kuchagua zamu, na Mungu anawajua. Lakini tusome Kumbukumbu la Torati 5:14-15: pumziko limeamriwa kwa ajili ya mwana, mtumishi na mgeni pia, kwa sababu Israeli walikuwa watumwa Misri. Mtumwa hana siku yake. Anayekubali kila saa ya ziada wiki baada ya wiki, bila kulazimika, ajiulize kama moyo wake umeshatoka Misri.

Na amri ya kuwaheshimu baba na mama ina mzigo mpya huku ugenini. Mtoto wa miaka 11 ndiye anayemtafsiria baba yake hospitalini, benki na shuleni. Ni rahisi mtoto huyo kuanza kumwona baba kama mtu asiyejua kitu. Ni rahisi pia tafsiri ya maneno ya mwalimu kupunguzwa chumvi njiani. Basi amri mbili, ya heshima na ya ushuhuda wa kweli, zinashikwa au kuvunjwa na mtoto mmoja katika dakika kumi. Tuwaombee watoto hawa, tuwashukuru, na panapopatikana mkalimani mtu mzima, tusiwabebeshe watoto mambo mazito.

5. Mtoto akiuliza “kwa nini?”

Watoto wa huku huuliza sababu. Wengine wetu tulilelewa tusiulize, hivyo swali linaweza kutuudhi. Tusome Kumbukumbu la Torati 6:20-21. Mungu alilitazamia swali hilo, na jibu alilompa mzazi siyo “kwa sababu nimesema.” Jibu ni habari: tulikuwa watumwa wa Farao, BWANA akatutoa kwa mkono wa nguvu. Wokovu ulitangulia, amri zikafuata. Hata Amri Kumi zenyewe zinaanza kwa Mungu kujitambulisha kuwa ndiye aliyewatoa utumwani.

Hapa ndipo wengi wetu tunakwama. Tumenyamaza. Kuna watoto wetu wasiojua tulivuka ziwa vipi, nani alitupokea, nani hakuvuka. Yapo mambo ambayo hayafai kwa umri wao, na yapo ambayo bado yanatuuma kuyatamka. Lakini mtoto asiyejua tulitolewa wapi ataziona amri za Mungu kuwa ni masharti ya wazee tu. Tumpe habari kwa kipimo cha umri wake: palikuwa na giza, tuliogopa, Mungu alitufikisha, kwa hiyo katika nyumba hii tunaishi hivi. Na juu ya hayo yote tumweleze msalaba, kwa kuwa wokovu mkuu kuliko wote ni ule wa Kristo, anayeiandika sheria moyoni kama Yeremia 31:33 ilivyoahidi.

6. Tuanze wapi?

Tunapendekeza kila familia ichukue amri moja kwa wiki, kwa wiki kumi.

Mtoto aiandike kwa mkono wake, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili asipite chini ya maneno asiyoweza kuyasoma. Ibandikwe upande wa ndani wa mlango, kimo cha macho ya mtoto, karibu na mahali pa kutundika funguo. Gundi ya karatasi inatosha; hatuhitaji msumari utakaotugombanisha na mwenye nyumba.

Isomwe kabla ya kutoka. Njiani, ndani ya gari, redio izimwe kwa dakika tano tuizungumzie. Anayefanya zamu ya usiku atume ujumbe wa sauti, watoto wausikie kabla ya kulala.

Mzazi au bibi asiyejua kusoma asijione amebaki nyuma. Mtoto asome, mzee aeleze maana na kusimulia. Hapo mtoto atajua kwamba mkubwa wake anacho kitu ambacho shule haikumpa.

Jumamosi jioni tuulizane: amri hii ilitukuta wapi wiki hii? Mzazi naye ajibu. Mahali palipovunjika, tuombe msamaha kwa Mungu na kwa waliokosewa, hata kama aliyekosewa ni mtoto.

Maswali ya kujadili

1. Ni maneno gani ya Mungu yanaonekana nyumbani kwako sasa? Watoto wako wanaweza kuyasoma na kuyaeleza?
2. Maisha ya hapa yamekuletea “kisima usichokichimba” kipi? Kimekusaidia kumkumbuka Mungu, au kumsahau?
3. Ni amri ipi inayokupata kwa ugumu zaidi kazini au kwenye simu?
4. Ni sehemu gani ya habari ya familia yako ungependa watoto waijue mwaka huu?

Tuombe

Baba, ulitutoa mbali na umetupa milango ya kufunga na kufungua. Utulinde tusikusahau tukiwa tumeshiba. Andika Neno lako mioyoni mwetu kwanza, kisha kinywani, mikononi na milangoni petu. Uwape watoto wetu kuona kwamba tunaliishi. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.